Gitega haihitaji chupa ya bei ghali

Chupa ya mvinyo mwekundu wa Italia inayouzwa Gitega mara nyingi imesafiri kwa njia ambayo wafanyabiashara wa ukanda huu wanaijua kwa vumbi lake. Imeshushwa bandari ya Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye lori, ikapanda Morogoro, ikapita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, ikaingia wilaya ya Ngara, ikasimama Kabanga na Kobero kusubiri makaratasi, kisha ikafika Muyinga na kuendelea kupitia Karuzi hadi Gitega. Kila kituo kimeongeza kitu kwenye bei yake. Na katikati ya safari hiyo, pale Dodoma, lori limepita jirani na mashamba ya mizabibu yanayotoa mvinyo mwekundu, mwingine ukitengenezwa katika kiwanda kilichoanzishwa na Mwitaliano. Mteja wa Gitega hana habari.

Tangu Gitega itangazwe kuwa makao makuu ya kisiasa ya Burundi mwishoni mwa mwaka 2018, mji huo umekuwa na wageni wengi zaidi wa kiofisi, semina nyingi zaidi na harusi za watu wanaotaka kuonekana. Mvinyo umepanda ngazi pamoja nao. Bia ya Brarudi bado ndiyo mfalme wa meza, na urwarwa wa ndizi bado ndio unaofungua maneno kati ya familia mbili, lakini meza ya wakubwa siku hizi inataka chupa yenye kizibo. Hapo ndipo mfanyabiashara anapokosea hesabu. Anaamini kwamba ili aheshimike lazima alete chupa ya jina kubwa na bei kubwa, mtaji wake ukalala rafuni miezi sita. Chupa anayoihitaji ni ya bei nafuu, na anaweza kuinunua bila kumdanganya mteja wala kujidanganya mwenyewe, ilimradi ajue ni sehemu gani ya bei imo ndani ya chupa na ni sehemu gani iko nje yake.

Mfano mzuri unatoka Italia yenyewe, katika mji mdogo wa Montalcino, mkoa wa Toscana. Pale hutengenezwa mvinyo mwekundu unaoitwa Brunello di Montalcino, mmoja wa ghali zaidi nchini humo. Zabibu yake ni aina moja tu, Sangiovese. Kanuni zinataka mvinyo huo ukae angalau miaka miwili kwenye mapipa ya mbao, na usiuzwe hadi mwaka wa tano baada ya ule wa mavuno. Vilima hivyohivyo na zabibu hiyohiyo hutoa mvinyo wa pili, Rosso di Montalcino, ambao unaruhusiwa kwenda sokoni mwaka unaofuata mavuno. Mara nyingi mkulima ni yuleyule. Tofauti kubwa ni muda, nafasi ya ghala, bei ya pipa na fedha iliyolala humo miaka yote hiyo.

Mwenye duka la jumla anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Mchele uliokaa ghalani miaka mitano hauwezi kuuzwa kwa bei ya mchele wa msimu huu, kwa sababu kuna mtu aliyelipia ghala. Kwa Brunello, kukaa huko kunaleta ladha ambayo wajuzi wanaitafuta, na si uongo kwamba ipo. Swali ni kama mgeni wa harusi Gitega, akiwa na sahani ya mishikaki ya mbuzi, ile inayoitwa brosheti kote Burundi, anaitaka ladha hiyo. Kwa kawaida haitaki. Nyama ya kuchoma yenye chumvi na pilipili inataka mvinyo mchanga, wenye uchachu kidogo wa kusafisha ulimi na ukakasi usiozidi. Mvinyo wa miaka kumi ukiwekwa mbele ya pilipili ya Burundi unapotea kabisa, na fedha ya aliyeununua inapotea pamoja nao.

Ipo chupa inayofaa zaidi kuliko hata Rosso, na bei yake Ulaya ni miongoni mwa za chini: Montepulciano d'Abruzzo. Abruzzo ni mkoa ulioko mashariki ya Roma, kati ya milima ya Apennini na bahari ya Adriatiki. Montepulciano hapa ni jina la zabibu. Kanuni za mvinyo huo zilitambuliwa rasmi mwaka 1968, na zinataka angalau asilimia 85 ya zabibu hiyo ndani ya chupa. Mizabibu yake huzaa sana, kanuni zinaruhusu mavuno makubwa kwa hekta, na sehemu kubwa ya mvinyo hupitia vyama vya ushirika vya wakulima kama Cantina Tollo, kilichoanzishwa mwaka 1960. Huchachushwa na kuhifadhiwa zaidi kwenye matangi ya chuma au saruji badala ya mapipa mapya ya mwaloni. Ndiyo maana ni nafuu. Rangi yake ni nzito, una ladha ya matunda meusi, na hauna majivuno.

Hapa mfanyabiashara awe macho, kwa kuwa jina hili limewapoteza wengi. Katika Toscana kuna mji unaoitwa Montepulciano, na mvinyo wake unaitwa Vino Nobile di Montepulciano. Huo hutengenezwa zaidi kwa Sangiovese, lazima ukae takriban miaka miwili kabla ya kuuzwa, na bei yake ni nyingine kabisa. Mtu akiambiwa kwa simu kwamba ameletewa "Montepulciano" kwa bei ya Nobile, aombe picha ya lebo kabla ya kutuma fedha. Neno d'Abruzzo na neno Nobile ndiyo tofauti yenyewe, na tofauti hiyo inaweza kula faida yote ya katoni.

Upo pia ushahidi wa hesabu, ambao kwa wasomaji wa mpakani una uzito kuliko ladha. Tuseme chupa moja inanunuliwa Italia kwa euro 4 na nyingine kwa euro 24. Tofauti ni euro 20. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa zilizokamilika kutoka nje ulikuwa asilimia 25 kwa miaka mingi, na tangu Julai 2022 kuna kundi la juu la asilimia 35, ambalo vinywaji vilitajwa miongoni mwa bidhaa zake. Hata kikichukuliwa kiwango cha chini, zile euro 20 zinakuwa 25. Burundi inaongeza kodi ya ongezeko la thamani, ambayo wengi huiita TVA, ya asilimia 18, na zile 25 zinakuwa 29 na nusu. Hapo ushuru wa bidhaa kwa vileo haujahesabiwa, wala faida ya mwagizaji, ya mwenye jumla na ya mwenye baa, ambao wote hukata asilimia juu ya asilimia. Usafiri wa chupa zote mbili ni uleule, kwa kuwa lori halipimi heshima. Kwa hiyo kinachovimba njiani ni jina na umri wa mvinyo, na mnywaji wa Gitega analipia pipa la Toscana karibu mara mbili, pengine zaidi.

Kisha kuna sarafu. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa kiasi kikubwa, na pengo kati ya bei ya benki na bei ya mtaani halikufungwa. Kila aliyewahi kuagiza kitu kwa euro au dola anajua maana yake: kupanga foleni benki, kuomba, kungoja, na mwishowe kununua fedha kwa bei isiyoandikwa popote. Hata Brarudi, kampuni iliyopo tangu mwaka 1955, imekumbwa na uhaba wa vinywaji sokoni huku ukosefu wa fedha za kigeni za kununulia malighafi ukitajwa kuwa sababu. Ikiwa kampuni ya ukubwa huo inabanwa, mwenye duka moja Gitega anapata wapi ujasiri wa kufunga euro zake kwenye katoni za Brunello zitakazouzwa chupa moja kwa mwezi?

Mvinyo mchanga wa Italia unampunguzia mzigo huo kwa sababu euro chache hununua chupa nyingi. Lakini haumwondolei. Euro ni euro, na ndiyo maana macho lazima yarudi kwenye ile njia ya lori, pale lilipopita Dodoma.

Historia ya mizabibu ya Dodoma ina mkono wa Italia tangu mwanzo wake. Wamisionari Wakatoliki wa Kiitaliano walipanda mizabibu Bihawana, nje kidogo ya mji, katikati ya karne iliyopita, wakitafuta divai ya misa na kitu cha kuweka mezani. Ardhi ikawakubalia. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni chache na hunyesha msimu mmoja, na ukavu huo unaotesa mahindi unaufaa mzabibu, ambao hupata magonjwa pale penye unyevu mwingi. Zaidi ya hapo, mkulima wa Dodoma anavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Mwenzake wa Abruzzo anavuna mara moja. Kituo cha utafiti cha Makutupora kimefanya kazi kwenye zao hili kwa miongo, na zabibu nyekundu iliyoenea zaidi kwa wakulima inaitwa kwa jina hilohilo. Kisha katika miaka ya 2000 mwekezaji kutoka Italia alianzisha kiwanda cha CETAWICO kule Hombolo, na pamoja na Syrah na Chenin Blanc zikaletwa zabibu za Italia yenyewe kama Aglianico na Teroldego. Mtu anayetafuta mvinyo mwekundu wenye asili ya Kiitaliano kwa bei anayoimudu anaweza kuupata bila meli.

Tofauti ya kisheria ni kubwa kuliko tofauti ya umbali. Mvinyo uliotengenezwa Tanzania kwa zabibu zilizovunwa Tanzania ni bidhaa ya Jumuiya. Burundi imo katika Jumuiya tangu Julai 2007. Bidhaa ya Jumuiya ikiwa na cheti cha uasili haitozwi ushuru wa forodha inapovuka kutoka nchi mwanachama kwenda nyingine. Zile asilimia 25 au 35 zinaondoka. Hapa pana neno la kusisitiza, kwa sababu mara nyingi maneno haya hutamkwa kwa haraka kwenye semina na kuwaacha watu wakidhani kodi zote zimefutwa: ushuru wa bidhaa na TVA ya Burundi hubaki palepale, na Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, ina haki ya kuzidai. Kinachofutwa ni forodha. Asiyejua kutenganisha hivyo viwili hugombana na afisa Kobero kwa jambo ambalo afisa yuko sahihi, na kunyamaza kwa lile ambalo afisa amekosea.

Kwa mizigo midogo upo utaratibu wa cheti rahisi cha uasili, kwa shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kinachotolewa palepale mpakani bila wakala, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi wanachama. Mfanyabiashara aiulizie orodha hiyo kabla ya kupakia, siyo baada ya kufika. Kabanga na Kobero ni kituo cha pamoja, maana yake maafisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja na mzigo husimama mara moja. Kituo kama hicho hakina faida kwa mtu anayepitisha chupa sita sita kwenye bodaboda kwa njia ya porini.

Na wengi wanapitisha hivyo, ndipo ulipo ugonjwa wenyewe wa biashara hii. Sababu inayotajwa daima ni kukwepa kodi. Ukweli ni mchungu zaidi: wengi wao wameshalipa kodi ya Tanzania bila kujua. Tangu mwaka 2019 mvinyo unaouzwa Tanzania hubandikwa stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Chupa iliyonunuliwa kwenye duka la Kabanga au Ngara mjini ina stempu hiyo, na bei yake tayari imebeba ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani ya Tanzania. Mnunuzi akiivusha kwa njia halali, Burundi inadai za kwake. Akiivusha kwa magendo, anaokoa kodi ya pili huku ya kwanza ikiwa imeshamtoka mfukoni, na anabeba hatari ya kunyang'anywa yote. Mvinyo ulionunuliwa kiwandani kwa ajili ya kuuzwa nje, kwa nyaraka za kuuza nje, hautozwi kodi ya ongezeko la thamani Tanzania, kwa kuwa mauzo ya nje yanatozwa kwa kiwango cha sifuri. Hiyo ndiyo bei ambayo mtu wa Muyinga anapaswa kuitafuta.

Kikwazo ni kwamba kiwanda hakitaandaa nyaraka za nje kwa katoni tatu. Kinataka mzigo. Na mfanyabiashara mmoja wa Muyinga hana mtaji wa mzigo. Wale wakulima wa Abruzzo walikuwa na tatizo la namna hiyo, kila mmoja akiwa na shamba dogo lisiloweza kulipia matangi wala kupata mnunuzi, nao walijibu kwa kuweka zabibu zao pamoja. Wenye maduka kumi wa Muyinga na Gitega wakiagiza kwa jina moja, wakikodi nafasi kwenye lori moja linalorudi na kugawana katoni Muyinga, wanakuwa mteja ambaye kiwanda cha Dodoma kinampigia simu chenyewe. Shilingi ya Tanzania nayo haiko mbali kama euro. Biashara ya kila siku ya Kabanga na Kobero inaizungusha, na mwenye kuuza mazao upande wa pili anaweza kulipia mvinyo kwa fedha aliyoipata kulekule.

Kuna upande wa lawama kwa mvinyo wa Dodoma, na si haki kuuficha. Ubora haulingani. Chupa moja inakuwa safi na nyingine ya kiwanda kingine inakuwa tamu kama sharubati. Dompo, mvinyo mwekundu mtamu unaopendwa sana Tanzania, una wateja wake na hauna kosa lolote, lakini anayeagiza mwekundu mkavu wa kunywea nyama akaletewa mtamu hatarudi. Wakulima nao wamelalamika kwa miaka kwamba zabibu zinaozea shambani kwa kukosa wanunuzi, wakalazimika kusindika na kuuza mchuzi wa zabibu kwa bei ya kutupa, huku baadhi ya vinywaji vinavyoitwa mvinyo vikitengenezwa kwa malighafi iliyotoka mbali. Serikali ya Tanzania imeweka ushuru mdogo zaidi kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za ndani, na hilo limesaidia kutofautisha. Kwa mnunuzi wa Burundi, hiyo ndiyo lebo ya kusoma: jina la zabibu, mahali zilipovunwa, neno kavu au tamu, alama ya Shirika la Viwango Tanzania. Chupa isiyosema zabibu yake ni ipi haistahili kuvuka mto Ruvubu.

Wapo watakaosema kwamba unafuu ni mlango wa vinywaji hatari. Hofu hiyo ina msingi, na Italia yenyewe ndiyo shahidi. Mwaka 1986 watu zaidi ya 20 walikufa huko baada ya kunywa mvinyo wa bei rahisi uliotiwa methanoli ili kuongeza ukali. Aibu ile ilitikisa biashara yote ya mvinyo wa Italia na ikaleta ukaguzi mkali zaidi. Leo chupa ya daraja la juu kisheria, yenye herufi DOCG, hubeba ukanda wa serikali wenye namba kwenye shingo. Montepulciano d'Abruzzo wa kawaida ni DOC, daraja moja chini, lakini nao una kanuni, mipaka ya eneo na mkaguzi. Kilichoua mwaka 1986 ni udanganyifu uliopita kwa kukosa ukaguzi. Na kwa bahati mbaya, udanganyifu unapenda zaidi chupa ya jina kubwa: hakuna anayehangaika kughushi mvinyo wa bei ya chini wakati lebo ya ghali inaweza kugundishwa kwenye chupa tupu iliyookotwa nyuma ya hoteli. Mwenye duka akiletewa chupa ya kifahari kwa nusu bei, na muuzaji hana karatasi za forodha, aikatae hata kama kizibo kinaonekana kipya. Hasa kama kizibo kinaonekana kipya.

Ipo pia hatari ambayo haina mhalifu. Mvinyo ukipigwa na joto chini ya turubai la lori kwa siku kadhaa, kizibo huinuka, mvinyo huvuja kidogo shingoni na ladha inakuwa kama ya tunda lililopikwa. Chupa ya euro 24 huharibika kwa joto lilelile linaloharibu ya euro 4. Baada ya Kobero mambo huwa mema: Muyinga na Gitega ziko juu na hali ya hewa ni ya baridi kiasi kwamba chupa iliyolazwa kwenye chumba chenye giza inakaa vizuri kuliko Dar es Salaam au Bujumbura. Watu wa Ulaya wanaposema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, wanamaanisha nyuzi 16 hadi 18, na usiku wa Gitega unakaribia hapo wenyewe. Ni faida ambayo hakuna mwenye baa anayeitangaza.

Mteja mkubwa ambaye wafanyabiashara wanamsahau ni Kanisa. Parokia ya Mugera, katika eneo la Gitega, ilianzishwa na Wamisionari wa Afrika mwaka 1899, na jimbo la Muyinga lipo tangu 1968. Misa husomwa kila siku, na sheria ya Kanisa Katoliki inataka divai ya altare iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu na isiwe imeharibika. Haidai nchi, rangi wala bei. Divai ya Dodoma ilianza kwa haja hiyohiyo. Parokia haifuati mitindo, haikopi kwenye baa, na inajua mwaka mzima itahitaji nini. Kikundi cha wafanyabiashara kinachotaka oda ya kudumu ya kuanzia kingebisha hodi huko kabla ya kwenda hotelini, kikiwa na barua ya kiwanda inayothibitisha kwamba ndani hakuna sukari wala pombe iliyoongezwa.

Muyinga ina Waislamu wengi, na baadhi ya wafanyabiashara hodari wa barabara hii hawagusi biashara ya kileo. Hakuna sababu ya kuwasukuma. Hesabu ya cheti cha uasili, ya stempu iliyolipwa mara mbili na ya kuagiza kwa pamoja ni ileile kwa bidhaa nyingi za viwandani zinazovuka Kabanga.

Kwa upande wa serikali, kazi iliyobaki si ya kujenga jengo jingine. Nchi wanachama zilikubaliana zamani kwamba bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi moja itambuliwe na nyingine bila kupimwa upya. Ofisi ya viwango ya Burundi, BBN, na mwenzake wa Tanzania wakibandika pale Kobero, kwa Kirundi na Kiswahili, orodha ya vinywaji vya Dodoma ambavyo alama yake imekubaliwa, pamoja na viwango vya ushuru wa bidhaa na TVA vinavyodaiwa kwa kila lita, nusu ya mabishano ya mpakani itakwisha. Karatasi moja ukutani. Mfanyabiashara asiyejua atadaiwa kiasi gani ndiye anayegeukia njia ya porini, au anayemtafuta mtu wa kumsaidia, na msaada huo una bei yake.

Kwa anayetaka kujaribu, kalenda ndiyo ya kuanza nayo. Zabibu za Dodoma zinazovunwa Februari na Machi zinaweza kuwa mvinyo mchanga ndani ya chupa kabla ya kiangazi cha Burundi, msimu wa harusi nyingi, kati ya Juni na Septemba. Mwenye kusubiri hadi wachumba waanze kuja dukani kuuliza atakuta lori limeshapita, na atarudi kununua chupa za rejareja Ngara zenye stempu. Wanaotaka kuagiza pamoja wangekutana Muyinga mwezi Aprili, wakaonja chupa mbili tatu za viwanda tofauti na brosheti mezani, wakaandika jina la iliyowafaa, ndipo wakapiga simu Dodoma kuuliza bei ya katoni mia moja kwa nyaraka za nje.